Pomme Iliyopita Langoni

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe nne mwezi wa tatu, mwaka 2024. Asubuhi hiyo Daktari Aimée alifunguliwa chumba cha picha za mapafu na mifupa, katika kliniki moja ndogo ya Ibanda, mjini Bukavu, akakuta meza tupu. Waya wa umeme ulikuwa umelala chini. Pale mashini ilipokaa miaka yote palibaki alama ya mguu wake, safi katikati ya vumbi.

Haikuwa mashini mpya. Ilikuwa kompyuta ya Apple ya mwaka 2009, ile ambayo mwili wake wote umejificha nyuma ya kioo. Wazungu wa mradi fulani waliiacha walipoondoka. Picha zote za wagonjwa zilikuwa ndani yake, maana filamu za kuchapisha zilikwisha zamani na wakubwa waliahidi zingine. Mpaka leo wanaahidi.

Kabla ya saa sita, fundi wa kompyuta wa kliniki, kijana Destin, alikuwa amelala kasho, mahabusu ya polisi. Kwetu ndivyo kazi inavyokwenda. Kitu kikipotea, kwanza anafungwa mdogo, halafu ndipo wanatafuta mwizi.

Kesi alipewa Inspekta Cibalonza, mama mmoja mnene, mpole wa sauti, ambaye watu walimdharau mpaka alipowauliza swali la pili.

"Alhamisi huyu kijana anaenda gereza kuu," komanda wake alimwambia. "Unitengenezee dosie ya kesi iwe safi."

"Na kama si yeye?"

"Basi uwe umeshanipa mwingine mbele ya Alhamisi."

Inspekta alianza na direkta wa kliniki, Bienfait. Alimkuta nyuma ya meza pana, na kompyuta mpya pembeni, nyingine bado zimo katika makartoni.

"Nani alikuwa na ufunguo wa kile chumba?"

"Destin peke yake."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana. Alipotufungulia ulikuwa umefungwa vizuri. Kesi imeisha, maman inspekta. Mwenye ufunguo njo mwizi."

"Mashini ilikuwa ya bei?"

"Ile? Ile ni chuma cha kutupa. Nilishasema vitu vyote vya zamani bitoke hapa. Wafadhili wanakuja kutembelea. Unataka bakute makumbusho?"

"Kwa hiyo ulitaka itupwe."

"Ndiyo."

"Sasa unalilia nini?"

Direkta alirekebisha tai yake. "Kutupa ni kazi yangu. Haiko kazi ya mwizi."

Inspekta aliingia chumbani kutafuta ushahidi. Angechukua alama za vidole, lakini poda ya kuchukulia alama ilikuwa imeisha kituoni tangu mwaka uliopita. Aliangalia kufuli, akaangalia dirisha lenye vyuma, akatoka mpaka langoni. Huko alikuwako mlinzi tunayemwita sentineli, Papa Almasi, mzee wa Shabunda, na redio yake ndogo imebanwa sikioni.

"Papa, jana nani alipita hapa na kitu kikubwa?"

"Hakuna mwizi mwenye alipita."

"Sikuuliza mwizi. Niliuliza kitu."

Mzee alifikiri. "Labda Bisimwa. Alitoka na pomme."

"Bisimwa gani?"

"Ule wa kulisha jiko yetu. Bibi yake, mama ya batoto yake, alikufiaka hapa, kisha sikukuu ya bonané, mu mwezi wa kwanza."

Inspekta alimjua. Nani Ibanda hakumjua Bisimwa na magunia yake ya viazi kutoka Kabare? Na kwetu pomme ni nini kama si viazi? Ukienda soko la Kadutu, mama anakuuliza unataka pomme ya kukaanga ao ya kuchemsha. Basi inspekta aliandika: *Bisimwa, muuza viazi, alitoka na viazi.* Akageuza ukurasa.

Jumanne alienda kumhoji mtuhumiwa. Destin alitolewa kasho akifumba macho kwa ajili ya mwanga. Shati lake lilikuwa halina vifungo tena.

"Uliiuza wapi?"

"Chef, nani atanunua ile?" Destin alicheka kidogo. "Hata mwizi wa Bukavu iko na akili. Ilifikaka mahali internet inaikatala. Unafungua ukurasa, inakuambia hapana. Compagnie yenyewe ilishaka kuacha kuiletea mambo mapya."

"Na wewe?"

"Mi sikuiacha."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza mgongo wake ulinyooka. Kioo cha mbele alikivuta kwa vile vipira vya kunyonya ukuta, vya kutundikia taulo bafuni. Ndani akatoa vumbi la miaka, akaondoa diski ya kuzunguka, akaweka ile mpya isiyozunguka, akaongeza kumbukumbu. Kisha akaweka mifumo miwili. Mmoja ni mpya, uliorekebishwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo ili ukubali mashini zilizosahauliwa. Huo ulikuwa wa internet. Wa pili ni wa zamani, aliuacha vilevile, kwa sababu programu ya picha ilikubali huo tu. Kompyuta nyingine mbili nyeupe za Apple, ambazo direkta alitaka zichomwe, alizitengeneza hivyo hivyo. Leo wakunga wanazitumia.

"Mashini haizeekake, chef. Batu njo banaichoka."

"Hizi mpya za direkta haziwezi kufungua picha?"

"Zingeweza, kama bangeniachia wakati wa kuhamisha. Na ile sahani ya kupiga picha ilikuwa inasemezana na ya zamani tu. Nililomba bangoje. Siku moja kisha bonané nafika asubuhi, nakuta bamechomoa waya, mashini iko mu depo."

"Nani alichomoa?"

"Kila mutu anasema ni oda."

"Oda ya nani?"

Destin aliinua mabega. "Ya juu. Mimi niliirudisha kimya kimya, mama moja mugonjwa alipokufa. Direkta alikasirika, lakini daktari aliipenda, basi akanyamaza mpaka hii habari ya wageni."

"Tuongee Jumapili. Uliingia mule chumbani?"

"Niliingia."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Hilo hukumwambia direkta."

"Angeniua. Nilianza kuhamisha picha, mbele bayitupe. Na pomme ikitumika sana inapata moto, basi nikaacha mlango wazi ipate hewa, nikaenda kuangalia mafuta ya jenereta. Courant ikakatika. Nilirudi mu giza, nikavuta mlango, nikafunga, nikakimbia kuimba ku korali. Sikuangalia ndani. Hiyo njo makosa yangu."

"Umesema nini inapata moto?"

"Pomme. Mashini. Si iko na alama ya pomme mbele, ile tunda ya Wazungu, yenye bameluma? Pale kliniki bote tunaiita vile. Hata sentineli."

Inspekta Cibalonza alifungua tena ukurasa wa jana. Mtu anayeleta viazi anaingia na viazi. Kutoka, anatoka na magunia matupu. Mtoto wa shule ya msingi angeliona hilo, na yeye aliligeuzia ukurasa.

Alirudi langoni.

"Papa Almasi, ile pomme ya Bisimwa ilikuwa ya kupika?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Pomme ya kupika inaingiaka, maman. Haitokake."

"Kwa nini hukuniambia ni mashini?"

"Nilikuambia. Weye njo uliandika ingine."

"Na ukamwachia apite?"

"Direkta alisema vitu vya zamani bitoke. Bisimwa alisema anaitosha, anaenda kuitupa. Mi ni sentineli, siko procureur wa kushitaki batu."

Jumatano asubuhi inspekta alipanda mtaa wa Cimpunda na askari mmoja. Nyumba ya Bisimwa ilikuwa ya mbao, imeshikilia mlima kama inaogopa kuanguka. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya meza ya kulia, mashini ilikuwa imewekwa juu ya kitenge cha kijani kilichokunjwa vizuri. Kioo kilikuwa kinawaka, kinauliza neno la siri. Mbele yake amekaa Bisimwa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye katika chumba cha kungojea muganga.

"Ingia, maman," alisema bila kugeuka. "Nilijua mutakuya. Sikujua tu mutachelewa vile."

"Hii umeitoa wapi?"

"Unajua."

"Unajua pia Destin iko kasho tangu Jumatatu kwa ajili yake?"

Hapo aligeuka. "Destin? Destin njo aliitengeneza. Banamufungia nini?"

"Kesho wanampeleka gereza kuu."

Bisimwa alisimama, akachukua koti lake kwenye msumari. "Twende. Ni mimi. Peke yangu. Andika."

"Kaa kwanza. Kwa nini?"

Hakukaa. Alisema akiwa ameshika koti.

"Bibi yangu Eulalie. Bamemupiga picha jioni, kwa hii. Asubuhi daktari anakuya, anasema picha haifunguke, bamechomoa waya, bametosha mashini, tungoje ile mupya. Tukangoja. Eulalie anapumua kama mutu anapanda mulima na muzigo. Nauliza, banasema mashini ya zamani imekufa. Tukangoja. Ile usiku alienda."

Askari mlangoni aliangalia viatu vyake.

"Kisha matanga narudi na viazi. Mutu iko na batoto, ataacha kazi? Napita mbele ya chumba, naona pomme inawaka. Naona mbavu za mutu mwingine mu kioo. Si balisema imekufa? Nikamwendea direkta. Nikasema, tafazali, nionyeshe ya bibi yangu, nijue alikuwa na nini. Akauliza: papa, ulisoma mpaka wapi? Nikasema troisième primaire, darasa la tatu. Akacheka. Akasema, utaelewa nini basi?"

"Ukaamua kuiba."

"Jumapili nilikuwa natua gunia ku jiko. Balikuwa banasema, mbele wageni bakuye, hii inaenda ku takataka. Na Eulalie iko ndani." Aligusa kitenge kwa kidole. "Mlango ulikuwa wazi. Sikufikiri tena. Nilifika hapa, nikachomeka, ikawaka. Halafu inaniomba neno. Nimeandika jina lake, nimeandika la batoto. Inakatala. Kweli sikusoma."

Sheria inasema kitu kilichoibwa kiende kituoni moja kwa moja. Inspekta alikipeleka kliniki. Akamtoa Destin kasho kwa karatasi iliyosema *uchunguzi wa kifaa cha ushahidi*, akamwita Daktari Aimée, akafunga mlango. Destin aliandika neno la siri, akatafuta, akapata. Mapafu ya Eulalie yakatokea, meusi kwa meupe. Upande mmoja ulikuwa mweupe wote kutoka chini, kama mtungi uliojazwa.

Daktari Aimée aliondoa miwani.

"Ni nini?" Bisimwa aliuliza.

"Maji, papa. Yalikuwa yamekandamiza pafu."

"Yanatokaka?"

"Yanatoka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa sindano."

"Sindano tu?"

"Angehitaji dawa kisha. Lakini angepumua."

Inspekta alimgeukia daktari. "Kwa nini hukuyatoa?"

"Nilishuku. Kuchoma bila kuona niliogopa, nisimwue. Waliniambia jioni ile mashini mpya itaanza kazi. Mpaka leo haijaanza."

"Walikuambia akina nani?"

Daktari alirudisha miwani. Alikuwa akiangalia picha. Bisimwa alikaribia kioo, akasoma kwa shida jina lililoandikwa pembeni, herufi moja moja, E, U, L, akaridhika kwamba ni yeye.

Inspekta alimfuata direkta ofisini. Bienfait hakuinua kichwa.

"Nani alichomoa waya, kisha bonané?"

"Hiyo inahusu wizi?"

"Inahusu."

"Oda ilitoka ku koordinasio, ofisi yenye inasimamia kliniki zetu."

Alipiga simu koordinasio. Wakasema ni wafadhili waliotaka vifaa vipya tu vionekane. Alipata namba ya wafadhili. Mtu mwenye sauti nzuri akasema wao hawaingilii mambo ya ndani ya kliniki, aulize direkta. Mduara ukafungwa. Wakubwa wetu ni mafundi wa jambo hilo. Kila mmoja anashika mkono wa mwenzake, na katikati kunalala maiti.

"Mwizi amekiri?" komanda aliuliza jioni.

"Amekiri. Lakini kuna mwanamke aliyekufa."

"Alikufa kwa ugonjwa. Hakuna kosa linaloitwa kuchomoa waya. Funga dosie."

Alhamisi asubuhi Destin aliachiliwa, bila mtu kumwomba msamaha. Alikwenda moja kwa moja kliniki. Daktari Aimée alikuwa amekaa mbele ya mlango wa chumba cha picha, na aliapa kwamba mwenye kutaka kuitupa mashini ataanza na yeye. Direkta alipita mbali. Labda ni kwa sababu kulikuwa na inspekta uani.

Bisimwa aliingizwa kasho saa ile ile Destin alipotoka. Walipishana kwenye korido.

"Papa, ungeniambia tu," Destin alisema. "Ningekufungulia."

"Bangekufukuza kazi, mutoto yangu."

Inspekta alimsomea maelezo yake pole pole, neno kwa neno, kwa kuwa alijua hawezi kuyasoma upesi. Bisimwa alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kila mahali. Ni yeye aliyeingia. Ni yeye aliyebeba. Ni yeye aliyemdanganya sentineli. Akatia kidole kwenye wino, lakini hakukibandika bado.

"Maman, yangu yote iko mule. Nilibeba pomme, nimesema ni mimi. Sasa ule alichomoa waya, ni nani?"