Kitabu Nyuma ya Kamusi

Kila siku alipotoka shule, mtoto aliyeitwa Sisimizi kwa udogo wake alinawa mikono kwenye beseni la mlangoni, akaifuta mpaka ikakauka, ndipo akaingia katika duka la vitabu la shangazi yake. Duka lilikuwa jembamba na refu, rafu zimepanda hadi darini, harufu ya karatasi mpya imetanda kote. Shangazi hakumfukuza mtu. Sharti lake lilikuwa moja: "Mikono safi, halafu pekua utakavyo."

Sisimizi alikuwa na mahali pake, benchi fupi chini ya dirisha. Hapo alikuwa akisoma hadithi ya mlinzi wa mnara wa taa, kurasa kumi tu kwa siku, asije akaimaliza upesi.

Siku hiyo alikuta benchi limekaliwa. Binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Chiriku kwa kuongea kwake, alikuwa na kitabu kilekile mkononi, anacheka peke yake.

"Nimefika mlinzi anapozama!" Chiriku alisema. "Wewe je?"

"Nani amekuuliza?" Sisimizi alifoka.

Shangazi alitabasamu. "Mtoto huyu anasoma kama moto kwenye nyasi kavu."

Sisimizi akaona wivu. Yeye alikuwa akisoma pale tangu mwaka jana, na shangazi hakuwahi kumsifu hivyo hata siku moja! Chiriku alipoondoka, Sisimizi alikichukua kile kitabu akakisukuma nyuma ya kamusi nene, rafu ya chini kabisa. "Tuone kesho utacheka na nini," alijisemea.

Kesho yake rafu ile haikuwepo. Fundi seremala alikuwa ameichukua kuitengeneza, vitabu vyake vimerundikwa sakafuni. Shangazi alisimama mbele ya Chiriku, uso umemkunjamana.

"Wewe ndiye wa mwisho kukishika kile kitabu cha mnara. Kiko wapi?"

"Nilikirudisha, shangazi. Haki ya Mungu!"

"Basi mpaka kionekane, usikanyage hapa."

Chiriku aliinama. Aliokota mkoba wake. Benchi lilibaki tupu, kama Sisimizi alivyotaka, lakini hakuweza hata kulitazama.

"Shangazi," alisema, "ni mimi. Nilikificha. Nilimwonea wivu."

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Nami nimekukosea, mwanangu," alimwambia Chiriku. Kisha akamgeukia Sisimizi. "Mwombe radhi mwenzako. Halafu pekua rundo lote, kimoja kimoja, mpaka kipatikane."

"Nisamehe," Sisimizi alinong'ona.

"Ningekung'ata," Chiriku alisema, "ila jino langu linatikisika." Akaweka mkoba chini, akapiga magoti kando yake.

Walifungua kitabu cha nyota, wakasahau walichokuwa wakitafuta. Wakafungua cha mifupa, wakakuta picha ya mtu wa mifupa mitupu. "Huyu si mwalimu wetu wa hesabu?" Chiriku aliuliza, wakaangua kicheko. Kitabu kilipopatikana chini ya rundo, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Mmeona?" shangazi alisema. "Maji ya mtungini hupungua kila mtu achotapo. Kitabu hakipungui, hata wasome watu mia. Mwenye wivu hujinyima mwenyewe."

Sisimizi alikaa kwenye benchi, akasogea hadi mwisho. Kumbe siku zote lilikuwa linatosha wawili.

"Njoo ukae," alimwambia Chiriku. "Lakini ole wako uniambie kama mlinzi anaokolewa!"