Uzi Uliolowa

Rafiki yangu ni fundi cherehani, na si mtu wa kuamini mashetani. Kabla ya kutunga uzi kwenye sindano huulowesha kwa ulimi, kama alivyofundishwa na marehemu mama yake. Ndiyo maana kidoa cheusi kilichomtokea kwenye ncha ya ulimi kilimkosesha raha. Kila uzi ulipokigusa, kilimwasha kama pilipili.

Mchana mmoja akaenda zahanati. Muuguzi akammulika mdomoni kwa tochi.

"Labda umejiuma usingizini, dada, au ni chai ya moto. Hata upungufu wa damu huleta vidonda. Sukutua kwa maji ya chumvi, na nyuzi zako usizitie tena mdomoni."

Akarudi dukani kumalizia gauni jeupe. Alikuwa peke yake, chumba hakina dirisha, na mlango ameufunga kwa sababu ya mvua. Bila mate, uzi ukagoma kuingia. Akahangaika nao mpaka machozi yakamtoka, kisha umeme ukakatika. Akaiweka sindano mezani, akasubiri.

Ndipo aliposikia, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mtu akifyonza kitu taratibu. Kukawa kimya. Halafu ile sauti ikaanza tena, safari hii hapo hapo mezani.

"Nani?" akauliza, roho mkononi.

Umeme uliporudi, mlango ulikuwa bado umefungwa. Sindano ilikuwa pale pale alipoiacha. Uzi mweupe ulikuwa umeshapita tunduni, na ncha yake ilikuwa imelowa, ina uvuguvugu, na ni nyeusi.