Ngoma Iliyolia Darasa la Nne

Sogeeni, ndugu zangu, na wazazi mkae mbele, maana maneno haya yanatuhusu sisi kabla hayajawahusu watoto wetu.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Msimbati aliishi Sudi, mkulima wa korosho na muhogo, pamoja na mkewe Zuhura na watoto wao wawili, Omari na Sabra. Nyumba yao ilikuwa na raha. Baada ya swala ya alasiri Zuhura alimenya muhogo uani huku Sabra akimsaidia kwa kisu na kwa nyimbo, naye Sudi alitandika mkeka barazani akamwita Omari amsomee gazeti. Halikuwa gazeti la siku hiyo. Mara nyingi lilikuwa kipande kilichofungia maandazi. Hata hivyo Omari alisoma bila kukwama, na Sudi, aliyeishia darasa la tatu, alifumba macho na kutikisa kichwa kama anayesikiliza kaswida.

Siku moja akapata wazo la kumjaribu Sabra, ambaye alikuwa darasa la nne.

"Sabra, weka kisu. Leo njoo usome wewe."

Mtoto akaja, akashika karatasi. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Baba akamwonyesha neno kwa kidole, akamkazia macho, akangoja. Sabra akaanza kutikisa mguu na kugongagonga paja kwa vidole.

"Tulia! Mguu ndio unaosoma?" Sudi akafoka. "Kaka yako alipokuwa na umri huu alinisomea mpaka matangazo ya vifo. Wewe si mtoto, wewe ni gogo."

Neno hilo likahamia rasmi nyumbani kwao. Omari akalidaka, watoto wa jirani wakalidaka kwa Omari, na kabla mwezi haujaisha Sabra aliitwa Gogo hata kisimani. Zuhura alijaribu kuzuia.

"Baba Omari, mtoto ukimwita gogo kila siku atakaa kama gogo."

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," Sudi akajibu.

Msimwone mkatili, ndugu zangu. Alimpenda binti yake. Alidhani tu kwamba aibu ni dawa, na sijui ni wangapi kati yetu ambao hatujawahi kudhani hivyo. Basi akatoa uamuzi: Sabra akishindwa mtihani wa taifa wa darasa la nne, shule basi. Atakwenda kwa shangazi yake bonde la Ruvuma akawinge ndege kwenye mpunga. Shangazi akapigiwa simu, akashukuru sana kupata mtu.

Tangu siku hiyo Sabra aliacha kuimba. Muhogo ulimenywa kimya, ugali uliliwa kimya, na baba alipokohoa barazani mtoto alikimbilia jikoni. Mke na mume wakaanza kulala wamepeana mgongo. Neno moja tu hilo, jamani!

Wakati huohuo shuleni alikuwa amehamia mwalimu mpya wa Kiswahili, Joyce, msichana wa Mbeya mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Sudi hakuwa na habari naye. Msimu wa korosho ulikaribia, na akili yake yote ilikuwa shambani.

Basi bwana, asubuhi moja akiwa anafagilia chini ya mikorosho, jirani yake Rashidi akaja mbio, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, wewe unafagia majani, kumbe binti yako anachezwa unyago!"

"Unyago? Wapi?"

"Shuleni! Nimepita dirishani, nimeona kwa macho yangu. Ngoma inalia, wasichana wamezunguka, wako yuko katikati, na yule mwalimu wa kutoka bara amefunga mlango!"

"Huenda umeona vibaya."

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja!"

Hapa lazima nieleze kwa wageni waliopo. Huku kwetu msichana hachezwi unyago ovyo. Wazazi hukubaliana, chakula huandaliwa, na anayewafunda wali, yaani wasichana wanaochezwa, ni nyakanga, mwanamke mwenye mamlaka yake. Mtu baki kumcheza mwanao bila nyakanga ni sawa na kukuozeshea binti wakati wewe uko shambani. Damu ikampanda Sudi. Akatupa ufagio, na badala ya kwenda shuleni moja kwa moja akapitia kwa Bi Somoe, nyakanga mwenyewe.

Bi Somoe alikuwa akibangua korosho. Aliposikia habari akaziacha papo hapo, akakaza kanga kiunoni.

"Nani huyo anayecheza wali bila mimi? Twende!"

Wakaenda, Bi Somoe mbele, Sudi katikati, Rashidi nyuma kidogo kama ilivyo desturi ya waleta habari. Na kweli, walipofika uwanjani wakaisikia ngoma, na kishindo cha miguu ya watoto. Sudi hakupiga hodi. Akausukuma mlango.

Ngoma ikanyamaza.

Wavulana walikuwamo pia, tena wengi. Pembe moja watoto walichora samaki, mkoko na nyumba kwa chaki za rangi, kila picha na jina lake. Karibu na dirisha wengine walikaa wawili wawili, mmoja akisoma, mwenzake amefumba macho anasikiliza ili asimulie. Sakafuni kulikuwa na waliofinyanga herufi kwa udongo, wamejipaka mpaka puani. Katikati kulikuwa na duara, na Sabra amekaa na ngoma katikati ya magoti. Mwalimu Joyce alikuwa ameinua kadi yenye neno moja kubwa.

Mwalimu akashtuka, lakini adabu haikumtoka. "Shikamoo bibi. Shikamooni wazazi. Karibuni."

"Marahaba," Bi Somoe akajibu, macho yakizunguka chumbani. "Mwanangu, tumeambiwa unacheza wali humu."

"Wali gani, bibi?"

"Kama si unyago," Sudi akadakia, "mlango umefungwa wa nini?"

"Mbuzi, baba. Juzi waliingia wakanilia kadi zangu zote za maneno."

Watoto wakaangua kicheko. Bi Somoe akageuka akamtazama Rashidi, na Rashidi ghafla akapendezwa sana na picha za ukutani.

Mwalimu akaeleza. Alipofika, aliandika ubaoni na kuwaambia wanafunzi wanakili, na nusu ya darasa walisinzia. Watoto wengi nyumbani huzungumza Kimakonde, Kiswahili wanakutana nacho darasani, na ubao peke yake hauwatoshi. Akaanza kujaribu njia nyingine. Mmoja akichora, neno linakaa. Mwingine lazima alisikie. Kila siku walibadilishana pembe ili kila mtoto apite kote.

"Na Sabra nilimwona anatikisa mguu kila akishika kitabu," akasema. "Kila siku nilikuwa namkataza. Siku moja nikaamua kumpa ngoma. Anaangalia neno, analipiga silabi kwa silabi, wenzake wanaruka, halafu wanalisema. Baba Sabra, huyu ndiye anayeliongoza duara."

Sudi alimtazama binti yake, kisha ngoma, kisha mwalimu. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Huu ni mchezo, mwalimu. Mtihani hauna ngoma."

"Sudi," Bi Somoe akasema, "nkeo nani alimfunda?"

"Wewe."

"Alitoka kwangu anajua, hajui?"

"Anajua."

"Uliniona na ubao? Nyimbo, ngoma, vinyago vya udongo. Mpaka leo hajasahau hata kimoja, na wewe ndiwe unayefaidi. Akili ni nywele, kila ntu ana zake."

Kicheko cha Mwalimu Joyce kilifika barabarani. Sudi hakucheka.

"Basi asome," akasema. "Hapa mbele yangu, bila ngoma. Akiweza, abaki shule. Asipoweza, kesho anakwenda kwa shangazi yake."

Mwalimu akafungua kitabu, ukurasa ambao hawakuwa wameufikia, akampa Sabra. Mtoto akasimama. Baba akamkazia macho. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Mguu ukaanza kutikisika.

"Tuli..." Sudi akaanza.

"Baba Sabra," mwalimu akamkatiza kwa upole, "naomba ugeuke uangalie mlango."

"Nigeuke mimi?"

"Tafadhali."

Bi Somoe hakungoja majadiliano. Akamshika mabega, akamgeuza. Sudi akasimama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akitazamana na mbuzi mmoja aliyechungulia penye ufa.

Kwanza akasikia vidole vikigonga paja. Kisha sauti, nyembamba.

"Si... ku mo... ja mwe... we a... li... ona kifaranga."

Vidole viligonga, sauti ikafuata. Mstari wa pili ukaja upesi kuliko wa kwanza. Wa tatu ukaja na vitisho vya mwewe mwenyewe, na watoto wakaguna kwa hofu. Sudi alisimama palepale. Alikuwa hajaisikia sauti ya binti yake kwa wiki nyingi, na sasa alielewa sababu. Mtoto hakuogopa maneno. Aliogopa uso wa baba yake. Aibu aliyotaka kumnywesha mtoto ikamrudia yeye, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa asiyojua aiweke wapi.

Akageuka, machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. Akachuchumaa.

"Sabra, mwanangu, nisamehe. Nilikuita jina baya. Hakuna atakayekuita hivyo tena nyumbani kwangu."

"Sawa, baba," Sabra akasema. "Lakini niache nimalize. Kifaranga bado hajaokoka."

Sudi akaketi sakafuni kati ya watoto waliopakaa udongo, akasikiliza mpaka kifaranga akaokoka. Walipopiga makofi, yake ndiyo yaliyokuwa na kelele kuliko yote.

Kabla hajatoka uwanjani alimpigia simu dada yake atafute mtu mwingine wa kuwinga ndege. Jioni hiyo alimkalisha Omari na kumweleza kwa nini jina lile limekufa. Mtihani ulipofika Sabra aliufanya akigonga paja polepole, na akafaulu. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa katikati, na Zuhura alipiga vigelegele kama ameongoza mkoa mzima. Rashidi naye alichangia kadi mpya za maneno, bila kuulizwa, na hakuna aliyemkumbusha kwa nini.

Mafunzo

Wazazi wenzangu na walimu, mtoto asiyesoma kwa njia yako si kwamba hawezi kusoma. Kuna anayeshika kwa macho, kuna anayeshika kwa masikio, na kuna ambaye asipogusa na kuruka neno halimwingii, na wengi wanahitaji yote hayo kwa zamu. Mwalimu anayehangaika kutafuta njia tumsaidie, tusimvamie kwa maneno ya dirishani. Jina baya tunalomtupia mtoto kwa hasira ya dakika moja yeye hulibeba hadi shuleni, nalo humziba kinywa. Sudi aliponea chupuchupu kumpoteza mwanafunzi mzuri kwa sababu alimkodolea macho badala ya kumsikiliza. Kabla hujasema wako hana akili, geuza uso wako kwanza, umpe nafasi ya kukuonyesha.