Kufuli za Marehemu

Kila programu ilipokwama, mtu alivuta pumzi nyuma ya kiti chake.

Digrii akageuka. Ukuta. Mashine ya fotokopi, rimu za karatasi, feni iliyokufa zamani. Jina hilo walimbandika majirani kwa dhihaka, maana shahada yake ya kompyuta ilikuwa imelaminishwa vizuri na haijawahi kumpa hata kibarua cha kubeba maji. Kila alikoomba kazi, jibu lilikuwa lile lile: we regret to inform you. Regret, my foot. Aliyempokea ni shangazi yake, mwenye duka hili la kuchapa na kuprinti.

"We Digrii! Nani anahema huko?" shangazi aliuliza kutoka mbele.

"Feni, shangazi."

"Feni ipi, ile maiti?"

Asubuhi hiyo mjane wa mganga alikuwa ameleta flashi yenye maneno ambayo mumewe alifungia majini, kila jini na faili lake, yaliyochapwa kwenye kompyuta ya kale. Kwenye skrini ya leo yalitokea matapishi: alama za kuuliza, vijisanduku vitupu. Kazi ya mtoto hiyo. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika iconv, programu ya kugeuza herufi, unaiambia kwamba faili limetoka mfumo gani wa zamani wa herufi na liende mfumo gani wa sasa. Maneno ya faili la kwanza yalisomeka, kisha programu ikagoma: hapa pana alama nisiyoijua.

Angeweza kumpigia mjane simu amuulize. Lakini msomi amuulize nini mke wa mganga? Akaongeza -c kwenye amri, yaani: usichokielewa, kitupe. Si ndivyo mabosi walivyomfanyia yeye? Programu ikapita kimya. Akalifuta faili la zamani, akaweka jipya mahali pake, akaliprinti. Safi.

Nyuma yake pumzi ikakoma. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua.

Mjane aliporudi mchana, alisoma karatasi ile, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta kitu.

"Mwanangu, zile alama ziko wapi?"

"Takataka zile, mama? Nimezitoa."

"Zile ndizo kufuli," alinong'ona. "Maneno ni mlango tu. Kufuli marehemu alizibuni mwenyewe, hakumfundisha mtu. Nipe faili lenyewe la mwanzo."

"Nimelifuta."

"Na mengine?"

"Sijayagusa."

"Basi chomoa hiyo flashi. Chomoa sasa hivi!"

Mkono wa Digrii ulikuwa njiani alipomsikia shangazi akicheka huko mbele, kicheko kizito kilichotoka chini kama ndoo inayoburutwa kisimani, kisha akamwona mlangoni, kichwa kimelala begani kama cha mtoto aliyesinzia, macho meupe, na ile harufu ikaingia pamoja naye.

"Umefanya kazi nzuri, kijana," ilisema sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume. "Ndugu zangu bado wamo humo. Maliza. Mimi siulizi uzoefu."

Mjane akaanguka miguuni pa Digrii. "Usimsikilize! Ukiwatoa hao, mtaa mzima umekwisha!"

"Achague mwenyewe, si ndiye msomi?" lilisema jini, na mkono wa shangazi ukapanda taratibu, ukashika koo la shangazi, ukaminya.

Digrii aliutazama mkono ule, mkono uliomega naye sahani moja wakati ndugu wengine wote walikuwa hawapokei simu zake, sasa kucha zake zikizama kwenye ngozi, midomo juu yake ikigeuka rangi ya wino, na katikati ya kukoroma kule akasikia sauti ya shangazi mwenyewe, ndogo, ya mbali:

"Mwanangu... chomoa."

Hakuweza. "Sina mwingine," alisema, hata hakujua anamwambia nani. Akakaa. Akaandika amri ile ile kwa faili la pili, na -c yake, akabonyeza.

Kidole kimoja kikalegea kooni mwa shangazi. Kimoja tu.

Mjane, aliyekuwa akilia miguuni pake, akanyamaza ghafla. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, macho meupe, na kwa upole mwingi akamsogezea kibodi karibu.