Chungu Kipya Katika Makumbusho

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Prisca alikwenda Kawetele kufagia makumbusho. Zamani nyumba ile ilikuwa stoo ya kahawa. Mwalimu Hosea alipostaafu aliiomba kwa uongozi wa kijiji, akaweka ndani jembe la babu yake na jiwe la kusagia. Majirani walicheka, kisha nao wakaanza kuleta vitu. Mzee Alawi, fundi wa nguo wa Tukuyu, alileta cherehani aliyoachiwa na baba yake. Wote walijitolea, hakuna aliyelipwa.

Wanafunzi wengi wa darasa la Prisca walikuwa wameleta vitu vya koo zao. Kwao hakukuwa na kitu, maana nyumba ya bibi yake iliungua kabla yeye hajazaliwa.

"Cha kwenu kiko wapi?" Doreen, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa akimwuliza mbele ya wenzao.

Prisca aliona haya. Siku moja alichukua chungu ambacho mama yake alikinunua sokoni, akakipaka masizi, akampelekea Mwalimu Hosea.

"Kilikuwa cha mama yake bibi," alisema. "Ndicho pekee kilichopona motoni."

Mwalimu aliguswa sana. Akakiweka karibu na mlango, kila mgeni akione.

Jumamosi iliyofuata alifika Bibi Atupele kutoka Kyimo, akavua bangili ya shaba mkononi, akaiweka mezani.

"Ni ya marehemu mama," alisema. "Wanangu wameniomba niilete, nikakataa. Lakini nimesikia habari za chungu. Kama mtoto huyu ametoa kitu pekee walichobaki nacho, mimi ni nani nifiche changu?" Akamshika Prisca mikono. "Ndaga, mjukuu wangu. Asante."

Watu walipiga makofi. Prisca alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichomoka, akajificha migombani nyuma ya nyumba. Mwalimu Hosea alimkuta huko analia, Prisca akamweleza yote.

Mwalimu alimshika mkono, akamwinua. "Kamwambie Bibi mwenyewe," alisema.

Prisca alirudi, akapiga magoti. Maneno yalimtoka kwa shida. Bibi Atupele alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua bangili yake mezani, akaivaa.

"Nani alikugundua?" aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Nimeona aibu tu uliponishukuru."

Bibi akaivua tena bangili, akairudisha mezani. "Nitaiacha," alisema. "Ila usirudie."

Prisca alikitoa chungu pale mlangoni, macho chini, wenzake wakimtazama. Mwalimu Hosea akamwita kando.

"Kukosa kitu cha kuleta si aibu, mwanangu. Hatuna mlinzi hapa, wala kufuli la maana. Watu wanatuachia urithi wa wazazi wao kwa sababu wanaamini tunachosema. Ukiweka uongo mmoja mlangoni, kila kitu cha kweli kilichomo ndani kitatiliwa shaka."