Jina la Kwenye Jalada

Jua lilikuwa linaaga wakati Mama Karatasi alipofunga duka la kuchapa barua alimokuwa ameajiriwa. Alitia ufunguo mkobani na kushika njia ya kwenda kwa Bi Nukta. Alikuwa na shughuli moja tu: kutia sahihi mkataba wa kitabu chake cha nne, kisha arudi nyumbani kumlaza mwanawe. Mkataba huo ukishatiwa sahihi, angeacha kuchapa barua za watu na kuishi kwa kalamu yake mwenyewe. Alikuwa anapiga mluzi.

Laiti angejua, angeumeza mluzi wake na kugeuza njia.

Majirani ndio waliombandika jina hilo la utani la Mama Karatasi, maana hakuna aliyewahi kumwona bila karatasi. Jikoni, karatasi. Kwenye foleni ya maji, karatasi. Mchana alichapa barua za wanaoomba kazi, jioni akaandika hadithi. Kitabu chake cha kwanza alikitoa kwa jina alilopewa na baba yake, nacho kikadoda vibaya. Nakala zilirundikana chini ya kitanda mpaka panya wakawa ndio wasomaji wake waaminifu.

Aliyemnyoosha ni Bi Nukta, mhariri na mwenye kampuni ndogo ya vitabu, mama mnene mcheshi aliyekata sentensi za watu kwa kalamu nyekundu bila huruma. Huyo alimfundisha kuandika mpaka akaandika. Kisha siku moja akamwambia ukweli.

"Kuandika sasa unajua, mwanangu. Kuuza ndiko hujui. Ndani ya kitabu ni sanaa, juu ya jalada ni biashara. Jina lako limelala. Niletee jingine, kesho jalada linakwenda kiwandani."

Jioni ile Mama Karatasi alirudi kwa njia ya mkato inayopita nyuma ya makaburi, akiwaza majina. Ukuta ulikuwa umebomoka. Pale penye ufa palikuwa na kaburi lililomezwa na magugu, na juu ya jiwe lake jina la mwanamke. Lilikuwa jina tamu. Alilitamka mara moja, kwa sauti ya chini, likamkaa mdomoni vizuri. Chini ya jina palichongwa maneno: *Jina jema hung'ara gizani.*

Hakumwomba mtu. Aliliokota kama unavyookota kifungo barabarani, akaenda zake.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Msomaji atavumilia, na mwisho atashukuru.

Kitabu cha pili kiliuzwa kama njugu. Cha tatu kikakishinda. Hapo ndipo vituko vidogo vikaanza. Msomaji mmoja alimshukuru kwa mazungumzo marefu waliyofanya sokoni, siku ambayo yeye hakutia mguu sokoni. Akitia sahihi vitabu vya watu, mwandiko wake ulilalia kushoto, mzuri, wa kizamani, ambao hakuwahi kufundishwa. Na nguo zake, hata zikifuliwa, zilinuka kafuri. Ile kafuri ya maiti. Alijiambia kuwa ndiyo mambo ya umaarufu hayo, na mtu akitaka kudanganyika hakosi neno la kujidanganyia.

Lakini asubuhi ya siku hiyo ya mkataba, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alimwita kutoka uani. Alimwita kwa lile jina.

Bibi yule hakujua kusoma. Wala hakuwahi kuambiwa.

"Umeniitaje, mama?"

"Nimekuitaje tena? Nimekuita jina lako."

Mama Karatasi alisimama na kikombe mkononi, chai ikapoa. Kisha akayaacha yapite. Mkataba ulikuwa unangoja.

Ofisi ya Bi Nukta ilinuka gundi na wino kama kawaida. Bi Nukta alipoinua macho alicheka.

"Umerudi tena? Si nilikwambia ukapumzike?"

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Acha utani. Mchana si ulikuwa hapa hapa? Umeniletea mwisho wa konokono."

Konokono alikuwa ndiye kitabu cha nne. Ilikuwa hadithi aliyomsimulia bintiye kila jioni: konokono aliyempangisha mgeni nyumba yake usiku wa mvua, na kila kukicha mgeni ana kisingizio kipya cha kutotoka. Leo anaumwa mguu. Kesho anangoja ndugu. Bi Nukta aliisikia, akaitaka, akasema watoto wa nchi nzima watailalia. Kilichokosekana ni mwisho tu. Mwezi mzima mwandishi alikuwa ameutafuta mwisho huo bila kuupata.

Bi Nukta alivaa miwani na kusoma. "'Jua likawaka, mgeni akaaga, konokono akaingia nyumbani mwake, akalala raha mustarehe.' Mtamu! Sijagusa hata nukta moja."

"Bi Nukta... mimi nilikuwa dukani kutwa nzima."

Kicheko kilikatika. Bi Nukta alimtazama usoni, halafu mikononi.

"Mikono yako ilikuwa ya baridi," alisema polepole. "Nikadhani una homa."

Kisha Bi Nukta akajikohoza, akausogeza mkataba. Biashara ni biashara. "Tia sahihi, mwanangu. Umechoka tu. Kiwanda hakingoji."

Hapo angeweza kukataa. Akilini aliliona duka, barua za watu, kiti kile kilichomvunja mgongo. Akashika kalamu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukalalia kushoto, ukaandika lile jina kwa uzuri wa kutisha.

Alikuwa amefika mlangoni Bi Nukta alipomwita.

"Ila mchana uliniuliza jambo la ajabu."

"Jambo gani?"

"Uliniuliza mwanao hulala saa ngapi."

Hakuaga. Alitoka mbio, viatu mkononi, akakata njia ya makaburini maana ndiyo fupi. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kutosha kuona usichotaka kuona. Penye ufa wa ukuta miguu yake ilisimama yenyewe.

Magugu yalikuwa yamefyekwa. Jiwe lilikuwa limeoshwa.

Jina halikuwapo.

Mahali pake palikuwa na herufi mpya, za mwanzo tu, unga mweupe wa jiwe ukiwa bado pembeni mwao. Alizitambua. Zilikuwa herufi za jina alilopewa na baba yake, lile lililolala, lile la panya na vumbi.

Kr... kr... kr...

Hapakuwa na mtu. Lakini herufi iliyofuata ilikuwa inaanza kuchimbika.

Alikimbia. Mkobani simu iliita, hakuipokea. Alipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Taa ilikuwa inawaka chumbani kwake, na kutoka humo ilitoka sauti aliyoijua kuliko sauti zote duniani.

Tak. Tak-tak. Tak... kroo. Tak.

Ilikuwa kompyuta yake kuukuu. Kitufe kimoja hukwama na kulia hivyo. Mtu alikuwa anaandika.

Aligonga. "Mama! Nifungulie!"

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mama yake, ya upole, ile anayowasemesha wageni.

"Ni mimi!"

"Mimi nani?"

Alifungua kinywa aseme jina lake. Halikuja. Alilitafuta kichwani, akaikuta nafasi yake tu, tupu na safi. Lililokuja ulimini ni lile jingine. Akaufunga mdomo kwa mikono miwili asilitamke.

"Binti yangu yuko ndani anaandika," alisema bibi. "Nenda kwenu, dada. Usiku unaingia."

Machozi yalimtoka. Mama aliyemzaa, aliyemfuta kamasi, alikuwa anamfukuza kwa adabu.

Kisha vinyayo vidogo vilikuja hadi mlangoni. Bintiye aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Leo alinong'ona.

"Wewe nani?"

"Chiriku, ni mimi mama. Vuta komeo."

"Mama yuko ndani. Amesema nisimfungulie mtu."

"Si mimi huyo, mwanangu. Sikiliza sauti yangu."

Mtoto alisikiliza. "Sauti zenu ni moja," alisema, akaanza kulia.

Vitufe vilinyamaza.

Kiti kilisogezwa. Hatua zikaja ukumbini, taratibu, nzito, kama za mtu mwenye miguu iliyolowa. Chini ya mlango ilipenya harufu. Kafuri... na udongo mbichi.

"Njoo ulale, mwanangu," ilisema sauti ya Mama Karatasi, ndani ya nyumba, huku Mama Karatasi mwenyewe amesimama nje.

"Nimalizie kwanza konokono," alisema Chiriku. Ndivyo alivyosema kila jioni, awe amefurahi au amenuna.

Yule wa ndani hakusita hata kidogo. "Jua likawaka, mgeni akaaga, konokono akaingia nyumbani mwake, akalala raha mustarehe."

Chiriku akaugeukia mlango.

"Na wewe wa nje?"

Mama Karatasi aliegemea mlango. Kila alichofundishwa kilimwambia kwamba hadithi isiyo na mwisho haijakamilika, kwamba ajitahidi atoe mwisho ulio bora kuliko ule. Miisho mitatu ilimjia palepale, yote mizuri. Mmoja ungemletea hata tuzo.

Akaiacha yote.

"Haina mwisho, mwanangu. Hatujawahi kufika huko. Wewe hulala kwanza, mimi nakufunika miguu, maana shuka lako fupi."

Stuli iliburutwa. Komeo likalia.

Mlango ulifunguka, mtoto akamrukia shingoni. Ukumbini bibi alikuwa amekaa kitini, anafikicha macho kama aliyetoka usingizini, anauliza mbona mlango uko wazi. Chumbani hapakuwa na mtu. Kiti chake kilikuwa na udongo unyevu, na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na ukurasa mmoja wenye mstari mmoja: *Kwa mwanangu.*

Jina alilopewa na baba yake lilimrudia usingizini, akaamka analiita kwa sauti.

Kulipokucha alimweleza mama yake yote. Bibi hakupiga kelele. Alijifunga kanga, akachukua ndoo na fagio, akamtangulia makaburini. "Jina la marehemu huombwa," alisema njiani, "haliokotwi." Walifagia, wakaosha jiwe, wakaomba radhi kwa sauti. Jina la mwanamke yule lilikuwa limerudi mahali pake. Kama palikuwa na mikwaruzo chini yake, jiwe kuukuu halikosi mikwaruzo.

Mchimba makaburi aliyewakuta hapo alikuwa anamkumbuka marehemu. "Alikuwa mwalimu. Kutwa anaandika, ilikuwa atoe kitabu. Akafa na mimba yake ya kwanza. Hakuacha mtu wa kuliita hilo jina." Aliwatazama wote wawili. "Siku hizi, lakini, nasikia watu wanalitaja sana."

Mama Karatasi alikwenda kuvunja mkataba. Bi Nukta aliomboleza kama aliyefiwa, lakini konokono alikuwa ameshaingia kiwandani, na kilichoingia kiwandani hutoka na jina kililoingia nalo. Kikatoka. Kikapendwa. Mwandishi alirudi kwenye jina lake lililolala, akarudi na dukani. Kitabu chake kipya kiko chini ya kitanda, na panya wamefurahi. Hakujuta. Kila jioni mlango wake ulifunguliwa na mtu anayemjua, na hilo lilimtosha.

Mpaka juzi, Bi Nukta alipompigia simu akiwa na furaha tele. "Nilijua utarudi, mwanangu! Mswada wako wa kitabu cha tano nimeupokea mchana. Huu umetia fora!"

Aliizima simu bila kujibu. Akaenda kumlaza Chiriku. Akamfunika miguu.

"Leo nimalizie konokono," alisema mtoto.

"Haina mwisho, si unajua."

"Upo. Yule mwingine aliniambia, kabla hujagonga mlango." Chiriku alisogea karibu, mdomo wake ukawa sikioni mwa mama yake. "Alisema ule wa kitabu ni wa watu. Wa kwetu ni huu. Mgeni hakutoka. Aliingia ndani zaidi, ndani kabisa kwenye kona ya nyumba, akakaa kimya. Anangoja konokono alale."

Alipiga miayo, macho yakaanza kufumba.

"Mama... mbona wewe siku hizi hulali?"