Mkono Mmoja wa Sweta

Katika nyumba ya Mama Uzi, ukikaa kwenye kochi, sindano ya kufumia inakuchoma. Ukifungua kabati la vyombo, madonge ya uzi yanakuangukia. Siku moja mumewe alikunywa chai yenye uzi wa kijani. Alidhani ni majani ya chai.

Penye miti hapana wajenzi. Nyumba nzima ilijaa uzi, na mume hakuwa na sweta.

Jioni moja mume akaja na habari.

"Dada amevunjika mguu. Kesho kutwa anakuja kukaa nasi mpaka apone."

"Na akaribie wifi yangu! Atalala chumba cha wageni."

"Juu ya kitanda gani?"

Mama Uzi akafikiri. Kitanda kilikuwapo, alikuwa na hakika. Ila rangi yake hakuikumbuka.

Wakausukuma mlango kwa mabega. Mifuko ya uzi ilirundikana mpaka dirishani.

"Akikosa kitanda hapa," mume akasema polepole, "atabaki kwake peke yake. Na hata maji ya kunywa hawezi kujichotea."

Asubuhi Mama Uzi akamwita jirani yake, fundi wa cherehani.

"Shoga, hiki ni chumba au ghala?" Fundi akauliza.

"Ni akiba. Akiba haiozi."

Fundi akavuta donge moja. Nondo akaruka.

"Haiozi, lakini mwenzio huyu ameshiba. Toa vyote nje, juani. Usijiulize kama kitu kitafaa siku moja. Kila kitu kitakujibu, 'Nitafaa.' Uliza hivi: nitafuma nini, na cha nani?"

Wakaanza kufungua. Mfuko wa kwanza ulikuwa na mkasi. Wa pili, mkasi. Wa tatu, mkasi!

"Kumbe!" akasema Mama Uzi. "Kila nilipoukosa, nilinunua mwingine."

Uzi ulioliwa na nondo wakautupa. Uzi usio na mwenyewe wakawapelekea kina mama wanaojifunza kufuma. Wenye mwenyewe ukaingia kwenye sanduku moja, na sindano kwenye kopo.

"Sanduku likijaa, hununui," akasema Fundi. "Fuma kwanza."

Ukabaki mfuko mmoja, umefungwa mafundo.

"Humo mna nini?" mume akauliza.

"Hamna kitu."

"Hamna kitu, mbona umefungwa hivyo?"

Ndani mlikuwa na sweta lenye mkono mmoja.

"Ni lako," Mama Uzi akasema kwa haya. "Nililianza tukiwa wachumba."

Mume akalivaa. Likagoma tumboni.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwenye sweta hili alishahama! Sasa ni la nani?"

Mama Uzi akautazama ule mkono. Juu mpana, chini mwembamba. Akaufumua mshono wa begani, mkono ukatoka mzima. Akashona upande mwembamba, ukazibika.

Wifi akafika na magongo yake, akalazwa kitandani. Kitanda kilikuwa cha buluu. Vidole vya mguu vilichungulia kwenye plasta, vya baridi. Mama Uzi akauvisha ule mkono wa sweta juu ya plasta. Ukaenea sawasawa.

"Wifi! Soksi hii umeifuma lini?"

"Zamani. Nilikuwa nakusubiri uvunjike."

Wote wakacheka.

"Basi nileteeni mfuko wangu pale mlangoni," akasema wifi. "Nimekuja na vitambaa vyangu, vifungo, shanga..."

Mama Uzi akawahi kuziba mlango.

"Mfuko utalala kibarazani, wifi yangu. Kesho tutaufungua juani, na kila kitu kitatuambia ni cha nani."